Kaka yangu anasema nataka kulipwa kwa kumlea mama

Assalaam alaykum Bi Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 47, mzaliwa wa Unguja, na ninaishi katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza pamoja na binti yangu wa miaka 16. Na baba yake tuliachana zamani. Naomba usitaje jina langu wala mji ninaoishi, kwa sababu Wazanzibari wa hapa tunajuana wote, na habari hii imeshaanza kuzungumzwa hata na watu wasiohusika.

Mama yangu ana miaka 79. Amekaa nchi hii zaidi ya miaka 20, ana uraia, na alifanya kazi ya usafi maofisini mpaka magoti yalipomkataa. Anaishi peke yake katika fleti ya halmashauri, vituo viwili vya basi kutoka kwangu. Baada ya kupata kiharusi, upande wake wa kushoto haukurudi sawasawa, na tangu mwaka jana ameanza kusahau. Huacha jiko likiwaka, huniita kwa jina la mdogo wake ambaye ni marehemu, na usiku huamka akavaa buibui akitaka kwenda dukani kwa mtu aliyekufa sisi tungali wadogo. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayempikia, ninayempa dawa, na siku nyingi hulala kwake kwenye kochi.

Kichekesho ni kwamba kazi yangu ya mshahara pia ni kutunza wazee. Nafanya saa 24 kwa wiki katika nyumba ya wazee, kwa pauni 12.60 kwa saa, na mara kwa mara huitwa kuongeza zamu mtu anapokosekana. Mchana nawalisha wazee wa watu, jioni nakimbilia basi nikamlishe wangu. Mgongo umeanza kunisumbua, na binti yangu amezoea kula tambi peke yake mbele ya simu.

Mwenzangu kazini aliniambia kwamba serikali hutoa posho iitwayo Carer's Allowance kwa mtu anayemtunza mzazi wake. Nimesoma, nikaona kwamba nikipunguza saa za kazi nitastahiki, kwa kuwa mama tayari anapata Attendance Allowance, yaani posho ya wazee wanaohitaji kutazamwa kwa sababu ya ugonjwa au ulemavu, ya kiwango cha juu, na juu ya hiyo ana Pension Credit, ile ya wazee wenye kipato kidogo, pamoja na nyongeza anayopewa kwa sababu ni mgonjwa anayeishi peke yake. Nikaona ni vizuri niwaeleze ndugu zangu kabla sijajaza fomu, nikaandika katika kundi letu la familia la WhatsApp. Bora ningenyamaza.

Kaka yangu mkubwa, aliyeko Muscat, alijibu hivi: "Mama yetu si mgonjwa wa hospitali, hatumlei kwa ujira. Ukipokea pesa ya serikali kwa kumlisha mama, basi thawabu zako umeshalipwa papa hapa duniani." Baadaye akanipigia simu faraghani kuuliza ile posho anayopata mama inakwenda wapi. Dada yangu aliyeko Unguja anasema tuache mambo ya fomu, tumrudishe mama nyumbani Fuoni, atafutwe msichana wa kumtazama kwa pesa ndogo, na angalau atakuwa anasikia adhana.

Lililoniumiza zaidi ni mama mwenyewe. Nilipojaza fomu ya Attendance Allowance, kuna mahali palipouliza kama anahitaji msaada kwenda chooni usiku, na mara ngapi. Nilikuwa namsomea binti yangu nilichoandika, kumbe mama anasikiliza. Akasema, "Ndivyo ulivyoniandika kwa Wazungu?" Sasa amesikia pia habari ya posho hii nyingine, na juzi akaniuliza, akili zake zikiwa timamu kabisa, "Na mimi nimekuwa kazi yako?"

Bi Mshauri, nikiichukua pesa hii nitakuwa nauza radhi za mama yangu? Na nisipoichukua, nitaendelea hivi mpaka lini?

Mtoto wa Bi Mkubwa, Uingereza

JIBU

Waalaykum salaam, dada yangu.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila nikirudia naona kwamba umeuliza swali la radhi, ilhali ndani yake yamo maswali mengine ambayo hayahusiani na radhi hata kidogo. Liko la hesabu, kama posho hii itakufaa kweli. Liko la ndugu, nani anabeba nini na nani ana haki ya kusema nini. Na liko la mama, anataka alelewe vipi muda huu ambao bado anaweza kusema. Yote yamefungwa katika fundo moja kwa maneno ya kaka yako, ndiyo maana yanakulemea. Niruhusu niyafungue moja moja, nikianza na la hesabu, kwa sababu hapo nimeona jambo ambalo nadhani hujaliona, na huenda likabadilisha mazungumzo yote ya familia yenu.

Umeandika kwamba mama anapata nyongeza katika Pension Credit kwa kuwa ni mgonjwa anayeishi peke yake. Kwa viwango vya mwaka ulioanza Aprili 2025, nyongeza hiyo ni pauni 82.90 kwa wiki. Masharti yake ni kwamba awe anapokea posho kama ile ya Attendance Allowance, asiwe anaishi na mtu mzima mwingine, na pasiwe na mtu yeyote anayelipwa posho ya ulezi kwa ajili yake. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye mtego. Carer's Allowance, kwa viwango hivyo hivyo, ni pauni 83.30 kwa wiki. Siku utakayoanza kulipwa wewe, nyongeza ya mama itaondolewa. Serikali itakuwa imeongeza katika nyumba zenu mbili jumla ya peni 40 kwa wiki.

Hesabu haiishii hapo. Ili ustahiki, mapato yako baada ya kodi na bima ya taifa hayaruhusiwi, kwa viwango hivyo vya 2025, kuzidi pauni 196 kwa wiki. Kwa mshahara wako itabidi ushuke mpaka saa 15. Sasa hivi unabaki na kama pauni 285 kwa wiki baada ya makato hayo. Ukishuka mpaka saa 15 na kuongeza posho, ambayo nayo hutozwa kodi, utabaki na kama pauni 266. Kwa upande wako peke yako si hasara kubwa, kwani umepunguza chini ya pauni 20 na umepata saa 9 za kupumua, na kwa mgongo wako huenda saa hizo zikawa na thamani kuliko hizo pauni. Lakini ukichanganya na ile ya mama, familia itakuwa imepoteza karibu pauni 100 kila wiki. Fomu yenyewe hutoa tahadhari kwamba dai lako laweza kuathiri malipo ya unayemtunza, ila tahadhari hiyo ni rahisi kuipita ukiwa umechoka na saa ni sita za usiku.

Sisemi hili ili kukukataza. Wako watu ambao mzazi wao hana nyongeza hiyo, au anaishi nao nyumba moja, na kwao posho hii ni msaada wa kweli. Nasema tu kwamba wewe na kaka yako mmegombana juu ya uhalali wa pesa ambayo, kwa hali ya mama ilivyo leo, huenda isiwepo. Kabla ya neno lolote jingine katika lile kundi la WhatsApp, ningependa upate mtu wa kukufanyia hesabu hii kwa karatasi za mama mkononi. Ofisi za ushauri kwa wananchi, Citizens Advice, hufanya kazi hiyo bila malipo, na shirika la kuwasaidia wazee la Age UK pia. Waulize na kuhusu Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, kwani hukuniambia kama unaipata. Kwa mwenye mshahara kama wako, mtoto wa miaka 16 na nyumba ya kupanga, kuna uwezekano unastahiki. Ndani yake kuna fungu la walezi, pauni 201.68 kwa mwezi kwa viwango hivyo vya 2025, ambalo halina kile kikomo cha pauni 196, kwa hiyo si lazima upunguze hata saa moja ili ulipate. Tatizo ni kwamba nalo huiondoa nyongeza ya mama vilevile.

Na ikiwa baada ya hesabu zote utaamua kuidai, jihadhari na zile zamu za kuitwa. Ukizidi kikomo hata kwa peni moja, posho haipunguzwi kidogo. Hupotea yote ya wiki hiyo. Watu wengi nchini humo walipitiliza bila kujua, wizara ikaendelea kuwalipa, kisha ikawageukia baada ya miaka ikidai maelfu ya pauni. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Oktoba 2024 serikali ilimpa Liz Sayce, aliyewahi kuongoza shirika la haki za walemavu, kazi ya kuchunguza kwa uhuru ilikuwaje. Mtu wa tabia yako, anayeshindwa kusema hapana meneja anapompigia simu asubuhi kwamba hakuna wa kuwaogesha wazee, ndiye hasa anayeweza kuangukia katika deni la namna hiyo.

Sasa nije kwenye neno ujira, kwa maana nadhani kaka yako amelitumia bila kulipima. Posho hii inataka uwe unamtunza mama kwa saa zisizopungua 35 kila wiki. Gawa pauni 83.30 kwa saa hizo, utapata pauni 2 na peni 38 kwa saa. Hakuna mwajiri Uingereza anayeruhusiwa kumlipa mtu mzima hivyo. Kwa hiyo, hata ukiichukua, hakuna atakayesema kwa haki kwamba umeajiriwa kumlea mama yako. Kilichopo ni serikali kukiri, kwa kiasi kidogo cha kutia aibu, kwamba mtu anayemtazama mgonjwa hawezi wakati huo huo kuwa kazini akichuma.

Iko na historia ambayo ingefaa kaka yako aisikie. Posho hii ilianzishwa mwaka 1976, kwa jina jingine, na wanawake walioolewa wakanyimwa. Hoja ilikuwa kwamba mke yuko nyumbani tu, hana cha kupoteza akimuuguza mzazi. Mwanamke mmoja Mwingereza, Jacqueline Drake, aliacha kazi katikati ya miaka ya 1980 amtunze mama yake mlemavu, akadai posho, akakataliwa kwa sababu ana mume. Kesi ilifika Mahakama ya Ulaya, naye akashinda mwaka 1986. Nikisoma ujumbe wa kaka yako nasikia hoja ile ile ya zamani imevaa kanzu: kwamba kazi ya mtoto wa kike kwa mama yake haina gharama, kwa hiyo anayeitaja gharama amepungukiwa mapenzi. Gharama ipo, dada yangu. Unailipa kwa mgongo wako, kwa usiku unaolala kwenye kochi, na kwa mlo wa jioni ambao binti yako anakula peke yake. Kuijua gharama hiyo na kupunguza radhi za mama ni mambo mawili ambayo sioni yanavyogusana, ingawa mimi si mtu wa kutoa fatwa. Kama jambo hili linakukosesha usingizi kwa upande wa dini, mwendee sheikh unayemwamini, umweleze hali yote kama ulivyonieleza mimi, badala ya kuhukumiwa kwa mistari miwili ya WhatsApp.

Hata hivyo nataka nikuulize na wewe jambo, kwa upole. Je, una hakika kwamba kaka yako anapinga pesa yenyewe? Mtu aliye mbali na mzazi anayeugua hubeba aibu ambayo hana pa kuiweka. Kila unapotaja uchovu, yeye husikia kwamba hayupo. Kila unapotaja pesa, husikia kwamba zile anazotuma hazitoshi. Wengine wakiwa na aibu hiyo hutuma zaidi, wengine hunyamaza, na wengine huanza kuhubiri. Simtetei, na swali lake juu ya posho ya mama lilikuwa la kuumiza. Lakini swali hilo unaweza kulijibu bila kuonyesha kwamba umeumia. Attendance Allowance ya mama, pauni 110.40 kwa wiki kwa viwango vya 2025, ni yake yeye, na sheria haimpangii aitumieje. Daftari moja linaloonyesha kiasi kilichokwenda kwenye teksi ya kliniki, pampasi, chakula na nauli yako ya basi litakulinda leo, na litakulinda zaidi siku mama atakapokuwa hakumbuki tena alikupa ruhusa gani. Kabla siku hiyo haijafika, ulizeni kuhusu hati ya uwakilishi wa kudumu, ile ambayo Waingereza huiita Lasting Power of Attorney, kwa sababu huandikwa na mzee mwenyewe akiwa bado anaelewa anachokiandika. Humo mama anaweza kumtaja zaidi ya mtoto mmoja, na kaka yako akiwemo huenda akaacha kuuliza maswali ya faraghani.

Mbali na posho uliyoitaja, kuna mlango mwingine ambao barua yako haikuugusa, nao ni halmashauri. Chini ya sheria ya matunzo ya mwaka 2014, mama ana haki ya kufanyiwa tathmini ya mahitaji yake, na wewe una haki ya tathmini yako kama mlezi, hata kama mama atakataa yake. Wakikubali kwamba anahitaji msaada, wanaweza kuleta mtu wa kumwogesha asubuhi, au kumpeleka mahali pa wazee mchana, au kumweka kwa muda mfupi mahali salama ili wewe ulale usiku mzima kitandani kwako. Wanaweza pia kumpa mama fedha aajiri msaidizi anayemtaka. Fikiria akipatikana mwanamke wa Kiswahili hapo mjini, anayejua kukoroga uji, na asiyehitaji mkalimani pale mama anapotaka kwenda dukani kwa marehemu. Kwa mzee anayesahau, lugha ya utotoni mara nyingi ndiyo ya mwisho kuondoka, na msaidizi asiyeielewa atamwona mkaidi.

Na hapa liko jambo la ajabu kidogo. Fedha hizo kwa kawaida haziruhusiwi kumlipa ndugu wa karibu anayeishi nyumba moja na mgonjwa, lakini wewe huishi na mama. Kwa hiyo halmashauri ikikubali, mama angeweza kukuajiri wewe kwa mshahara halali, ukaacha zamu za wazee wa watu. Huo sasa ungekuwa ujira wenyewe, na swali la mama, "Na mimi nimekuwa kazi yako?", lingekuwa na jibu gumu zaidi. Silisemi kwa mzaha. Wako watoto walioona amani katika mpango huo, kwa kuwa wameacha kugawanyika, na wako walioona kwamba siku mama alipokataa kuoga walimkasirikia kama mfanyakazi anavyokasirika. Wewe unaijua kazi hiyo kwa pande zote mbili, unaweza kujua ungekuwa upande upi. Fahamu pia kwamba maombi haya huchukua muda, kwamba halmashauri nyingi zina uhaba wa fedha, na kwamba huangalia akiba na kipato cha mama kabla ya kuamua achangie kiasi gani.

Kuna na la kumhamishia mama kwako. Hukulitaja, nami nashangaa kwa nini, au pengine fleti yako haina nafasi. Likitokea, ile nyongeza ya kuishi peke yake itaondoka hata bila wewe kudai chochote, na hapo Carer's Allowance itakuwa haimnyimi mama kitu. Utapata usalama wa usiku na kuokoa nauli. Utakachopoteza ni mlango wa kuufunga nyuma yako, na binti yako naye ana mitihani. Fleti ya halmashauri ikirudishwa, haipatikani tena kirahisi.

Wazo la dada yako usilitupe kwa sababu tu limetolewa na mtu asiyejua fomu. Mzee anayetafuta duka la zamani la Unguja katikati ya usiku wa Uingereza, huenda kweli roho yake iko huko. Ila asidhani kwamba pesa zitamfuata. Mama akiondoka kuhamia Unguja, Pension Credit na Attendance Allowance zote hukoma. Hata kwa safari ya kwenda na kurudi, Pension Credit kwa kawaida huvumilia wiki 4 tu, na Attendance Allowance wiki 13. Pensheni yake ya uzeeni ya Uingereza italipwa popote alipo, lakini kwa anayeishi Tanzania haipandishwi tena kila mwaka, hubaki kiwango kile kile huku bei zikipanda. Zanzibar nayo ina pensheni jamii kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na sasa ni 50,000, bila kujali kama mzee aliwahi kuajiriwa. Ni jambo la kujivunia kwa serikali ya visiwa vidogo, lakini kwa pauni haifiki hata 20, na ina masharti ya ukaazi. Maana yake ni kwamba gharama za Fuoni, yaani msichana, dawa za kiharusi, na daktari, zitatoka mifukoni mwenu ninyi watoto, na dada yako ndiye atakayekuwa wewe. Muulize kama yuko tayari kuamka usiku, au kama anadhani msichana wa pesa ndogo ataamka badala yake. Safari ya wiki tatu, akiwa nawe au na binti yako, inaweza kuwaonyesha nyote ukweli ambao simu haiuonyeshi.

Nimemwacha mama mwisho, ingawa nadhani yeye ndiye wa kuanza naye. Ile siku ya fomu hukumwaibisha kwa makusudi. Fomu hizo hutaka uandike siku mbaya kuliko zote, na anayeandika siku nzuri hunyimwa. Lakini yeye alisikia sifa zake zikisomwa kana kwamba ni mtu wa kuhurumiwa, mwanamke aliyefagia maofisi mpaka magoti yakamkataa. Pengine hakuuliza kama amekuwa kazi yako kwa sababu ya pesa. Pengine alitaka kujua kama bado unakaa naye bila ya kuwa na kitu cha kufanya, bila dawa, bila kitambaa cha kuogea mkononi. Mimi sijui, na wewe hutajua mpaka umuulize, asubuhi moja akili zake zikiwa timamu kama zilivyokuwa juzi. Mweleze kwamba alikuwa akikatwa kodi na bima mishaharani mwake miaka yote ile, na kwamba nchi aliyoifagilia ina wajibu fulani kwake na kwa anayemtazama. Muulize angependa nani amwogeshe. Jibu lake laweza kukushangaza. Wako akina mama wanaoona haya kuogeshwa na binti kuliko na mgeni.

Wakati unayapima yote haya, usingoje uamuzi mkubwa ndipo upumzike. Sheria iliyoanza Aprili 2024 inampa kila mwajiriwa anayemtunza mtu haki ya likizo ya wiki moja kwa mwaka, bila malipo, tangu siku ya kwanza ya kazi, na unaweza kuichukua kwa siku moja moja au nusu siku. Daktari wako ajue kwamba wewe ni mlezi, na umwambie habari ya mgongo. Katika kundi la familia, badala ya kurudi kwenye suala la thawabu, unaweza kuweka orodha ya wiki moja ya mama, saa kwa saa, na kumwomba kila ndugu achague atakachokibeba: kaka anaweza kulipia msaidizi wa usiku mara moja kwa wiki, dada anaweza kumpigia mama simu ya video kila jioni wakati wewe unapika, maana hata hiyo nusu saa ni kazi. Wakikataa, utakuwa umejua. Wakikubali kidogo, anza na hicho kidogo.

Nakuombea afya wewe, Bi Mkubwa na huyo binti. Viwango nilivyovitaja hubadilika kila Aprili, kwa hiyo hesabu irudiwe kabla hujatia saini popote, na ukipenda, niandikie tena Citizens Advice wakishakupa takwimu zenu kamili.

Bi Mshauri